Mashine Haitoki Jikoni

ASIYA: Haloo! Haloo? Ni fundi Tobias huyo?

TOBIAS: Ndiye. Nani mwenzangu? Ongea kwa nguvu, malori yanapita hapa—

ASIYA: Asiya wa Ukunda! Mpishi wa arusi. Ulinifungia ile mashine ya kuoshea vyombo, ile kuukuu iliyotolewa hotelini kwenu.

TOBIAS: Ah, Bi Asiya! Shikamoo, mama.

ASIYA: Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo?

TOBIAS: Wako poa. Siku hizi niko Mackinnon Road, si uli—

ASIYA: Nimeambiwa. Sasa nisikilize, maana nina watu mlangoni. Mume wangu Athmani amemwita Tsuma wa skrepa, yule mnunua vyuma vikuukuu, na mkokoteni wake, aje aibebe mashine. Nami nimejifungia nayo jikoni. Komeo nimelipiga.

TOBIAS: Wueh! Kwani imefanya nini?

ASIYA: Yapiga kelele. Gra-gra-gra! Athmani asema imeshakufa. Nimemwambia haijafa mpaka Tobias aseme.

TOBIAS: Mama, hiyo ni mzee sana. Labda muachane nayo tu, muwe mnaosha na mikono—

ASIYA: Mikono ya nani? Hii yangu? Ulipokuja kuifunga hukuiona? Sabuni ilikuwa imenichana vidole, hata mwiko nikawa siwezi kuushika. Daktari aliniambia nikirudi kwenye maji ya sabuni, mapishi niyasahau. Na mimi mapishi siachi, Tobias! Kesho nina arusi. Haya, niambie nishike wapi.

(Mlango unagongwa.)

ASIYA: Gonga! Gonga mpaka uchoke, Athmani!

TOBIAS: (anacheka) Sawa, sawa. Toa vyombo vyote, washa, halafu niwekee simu karibu.

ASIYA: Nishavitoa. Naiwasha. Sikiliza.

(Maji yanaingia. Kimya. Kisha mkwaruzo mkali.)

ASIYA: Umesikia?

TOBIAS: Imeanza maji yakirushwa, si yakiingia. Sasa zima, chomoa stima kabisa. Zungusha ule mkono wa chini wa kurusha maji. Unagonga kitu?

ASIYA: Haugongi. Wazunguka vizuri tu.

TOBIAS: Basi iko kwa pampu. Na hiyo si kuzeeka, mama. Pampu ikizeeka inalia mfululizo. Hii inakwaruza, inanyamaza, inakwaruza tena. Kuna kitu kigumu kinarushwa huko ndani. Ilianza lini?

ASIYA: Tangu niliporudi kutoka Kikoneni, kwenye matanga ya shangazi yangu. Nilimwachia Athmani vyombo vya arusi, rundo zima. Kurudi, nakuta vyote vimetakata, vimepangwa kabatini. Ati ameviosha kwa mkono, peke yake! Tangu hapo sina raha. Kila mgeni akija, “Mimi niliosha kwa mkono, huyu ataka mashine ya nini?” Hata kumuuliza upawa wangu wa kifuu umekwenda wapi nimeshindwa, naonekana sina shukrani.

TOBIAS: Huo upawa ulipotea?

ASIYA: Asema watoto wa jirani wameuchukua kuchezea. Upawa wa mama yangu! Mchuzi wa nazi sijauteka kwa kitu kingine tangu niolewe. Lakini tuyaache hayo. Nafanyaje?

TOBIAS: Chini kabisa kuna kichujio. Kizungushe kushoto, ukivute juu.

ASIYA: Kimekaza... Kimetoka. Kuna maji.

TOBIAS: Yateke na kikombe. Funga mkono na kitambaa, kunaweza kuwa na glasi imevunjika. Chini hapo kuna tundu. Ingiza vidole polepole—

ASIYA: Ngoja. Ngoja, kuna kitu. Kimenasa.

(Simu inakwaruza.)

TOBIAS: Haloo? Mama? Network hii nayo! Umepata?

(Vitu vigumu vinawekwa mezani, kimoja kimoja.)

TOBIAS: Bi Asiya?

ASIYA: Nipo.

TOBIAS: Ni glasi?

ASIYA: Si glasi. Ni kifuu. Vipande vitatu... hiki kina lile tundu la kutilia mpini.

TOBIAS: Kifuu cha na—  Ah.

ASIYA: Ndiyo. Ah.

TOBIAS: Kwa mkono, eeh?

ASIYA: Kwa mkono! Mpishi gani duniani atie upawa kwenye mashine ya maji moto? Lazima awe mtu asiyeujua upawa! Na mwezi mzima nanyanyaswa nyumbani mwangu kwa sifa za uongo! (anapaza sauti) Athmani! We Athmani! Mpini umeutupa wapi?

(Nje ya mlango, watu wananong'ona.)

TOBIAS: Amesema nini?

ASIYA: Namsikia akimwambia Tsuma ageuze mkokoteni.

TOBIAS: (anacheka) Rudisha kichujio, mama, kaza vizuri. Chomeka stima, uwashe nisikie.

ASIYA: Haya... Naiwasha.

(Maji yanaingia. Yanarushwa. Hakuna mkwaruzo.)

TOBIAS: Maji tu hayo.

ASIYA: Maji tu! Alhamdulillahi. Ukija huku Ukunda utakula kwangu, na sitaki kusikia una haraka. (komeo linafunguliwa) Ingia, baba. Ingia, usiniangalie hivyo. Sikasiriki.

TOBIAS: Mama, salio langu... ama ni lako linaisha? Nasikia mlio—

ASIYA: Ni langu, usijali. Athmani, kesho tunakwenda arusini pamoja.

TOBIAS: Aende kufanya nini?

ASIYA: Kuna masinia arubaini ya pilau, Tobias, na masinia hayaingii kwenye mashine. Na hapa nyumbani nina bingwa wa kuosha kwa mko—