Mama Ukiondoa Anakabidhi Hesabu

Mwisho wa mwezi huu mhasibu mkuu wetu anastaafu, baada ya kuitumikia kampuni hii kwa miaka thelathini na mmoja. Alipoajiriwa tulikuwa na gazeti peke yake. Anatuacha na gazeti, redio na tovuti, na humu ndani wengi wanamjua kwa jina moja tu: Mama Ukiondoa.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwenye kila kikao cha mapato, mkuu wa idara akishamaliza kujisifu, yeye alishusha miwani na kuanza na neno lake. Ukiondoa matangazo ya uchaguzi, ambayo mwakani hayapo, redio imeingiza nini? Dawati la michezo lilidai kwamba hata timu yake ikishinda mbili bila, huuliza ukiondoa penalti wamefunga mangapi.

Sisi waandishi, ambao hesabu zilitupiga chenga tangu shuleni, alituelekeza bila kuchoka. Faida ya uendeshaji, alisema, ni kile kinachobaki kwenye kazi yetu yenyewe: magazeti yaliyouzwa na matangazo yaliyolipiwa, baada ya kutoa karatasi, wino, umeme na mishahara. Fedha nyingine zikija, tuzipokee, lakini tusizihesabu kama jasho letu.

Mwaka tuliouza jengo la mtambo wa zamani wa uchapaji, somo hilo lilitugusa mfukoni. Taarifa ya mwaka ilionyesha faida ambayo hatujawahi kuiona, na uongozi ukaahidi bonasi kwa kila mfanyakazi. Mpiga picha wetu alikuwa ameshachagua sofa. Mama Ukiondoa akasimama mbele ya bodi na kueleza kwamba ukiondoa jengo, kampuni imepata hasara kwa mwaka wa pili mfululizo, na jengo lenyewe haliuzwi tena. Aliomba fedha hizo ziwekwe akiba. Bodi ilikubali, bonasi ikafutwa.

Tulimnunia. Kantini alikula peke yake, na salamu zake zilijibiwa nusunusu. Hakujitetea wala hakupunguza kutusalimia.

Mwaka uliofuata wateja wetu wawili wakubwa wa matangazo walijitoa kwa mpigo. Vyombo vingine vya habari vilipunguza watu. Kwetu mishahara ililipwa kutoka kwenye akiba ile mpaka matangazo yaliporudi, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa afungashe. Mpiga picha mwenyewe, ambaye mkewe alikuwa amejifungua pacha mwezi ule, alikwenda ofisini kwake kumshukuru.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwake kuomba picha ya kuweka kwenye jarida hili la wafanyakazi. Mumewe alinipokea, akanionyesha nyumba yao yenye bati jipya. Bila kulalamika, alinieleza kuwa bonasi ya mkewe ndiyo ingeiezeka. Ilipofutwa, walibaki kwenye vyumba viwili vya kupanga na kuishi humo miaka sita zaidi. Kazini mkewe hakuwahi kumwambia mtu.

Mama, kwa niaba ya wote tuliobaki na kazi, asante. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha pamoja na mzee wako, na usingizi mwema chini ya bati ulilolichelewesha kwa ajili yetu.