Matuta ya Clemens

Lori lilipotoka Sumbawanga, mama mmoja alimlalamikia mzee aliyekaa kati yake na mimi juu ya magunia. "Mume wangu kila siku yuko kwa rafiki yake Clemens, anamlimia matuta. Clemens tangu arudi vitani Burma, akishika jembe anatetemeka, anasema anachimba makaburi. Namhurumia. Lakini shamba langu je?"

"Unamwonea mgonjwa wivu, binti yangu?"

"Ndiyo, baba. Hata jembe lake nalionea wivu." Nikasogea, nisikose neno.

"Mwambie mumeo ampe siku mbili, zilizobaki ziwe zako."

"Mwambie wewe. Yule pale."

Lori likasimama Mpui. Mume alikuwa akimngoja mkewe, magoti yamejaa udongo. "Udongo wa shamba la nani huo?" mama akauliza kabla ya salamu.

Mzee akafumba macho, eti amelala.