Bara Hajaonekana Tangu Ijumaa

Kijiwe chetu kiko Utange, huku Pwani, ubavuni mwa duka la mabati, na benchi lile mimi ndiye niliyeliamuru likae pale, likakaa. Mtaani hapa hazai paka nisimjue baba wa watoto. Ndiyo maana waliniita Redio. Kadenge ni Wakili, kwa kuwa aliwahi kuitwa kortini kushuhudia wizi wa mbuzi. Boga ni Jemedari, bawabu wa ghala. Ahmad muuza kahawa hatukumpa jina la utani. Mwenye birika haudhiwi. Na lile jiwe pembeni ni la Bara, mtu wa bara, mpole, mwenye kukaa kusikiliza. Benchini hatukuwahi kumkaribisha. Jumatatu hiyo jioni jiwe lilikuwa tupu.

Ahmad alimimina kikombe cha Bara kwa mazoea, kisha akasita.

— Tangu Ijumaa hajaonekana. Na Ijumaa alikuwa atokwa na jasho, ameshika kifua. Hamuendi kumjulia hali?

— Asiyekuwapo na lake halipo, akasema Wakili, akakitwaa kikombe.

— Mgonjwa yule? Jemedari akacheka. Wallahi yule ametumwa. Mtu gani huketi miaka na miaka, hasemi, asikiliza tu? Kimya kingi kina mshindo mkuu!

— Huo ni mshindo wa mvua, wee Jemedari, akasema Wakili.

— Na mvua haitumwi?

Nikaona wenzangu wabahatisha, nikajikohoza.

— Nyinyi mwaona karibu. Watu wa kule wakiitaka ardhi ya Pwani hutanguliza mtu mpole. Akae juu ya jiwe. Jiwe likishamzoea, ardhi yote chini yake yamfuata. Haba na haba hujaza kibaba! Sasa ameenda kuwaita wenziwe. Kesho mtaamka benchi lina hati miliki.

Jemedari akauvuta mguu wake mbali na jiwe.

— Lakini alishika kifua, akasema Ahmad.

— Alishika hirizi! nikamkatiza.

— Ningekwenda mimi, ila birika nitamwachia nani?

— Keti, mwanangu, akasema Wakili. Ukimpelekea uji leo, kesho ataleta posa. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Tulikuwa bado twacheka aliposimama mbele yetu msichana, begi begani, vumbi la safari miguuni.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akatutazama mmoja mmoja, akatabasamu kama aliyefika kwao.

— Wewe si ni Mzee Boga? Goti lilipona? Baba alituambia tuliombee.

Jemedari akalishika goti.

— Na wewe ni Mzee Kadenge. Binti yako Mwanatatu alijifungua salama?

— Salama, akajibu Wakili, sauti ndogo.

— Na wewe ndiye mwenye hadithi! Baba akipiga simu nyumbani hutusimulia zako zote. Mimi ni Valarie, binti wa Dishon.

— Dishon yupi? nikauliza, mimi nimjuaye paka.

— Dishon wenu. Rafiki yenu. Anayekunywa kahawa hapa.

Sote tukaligeukia lile jiwe tupu. Tabasamu likaanza kumtoka.

— Simu yake imezima tangu Ijumaa. Alihama chumba juzijuzi, akasema nikija niulize tu kijiweni, wale wazee ni ndugu zake, hawawezi kukosa kujua. Anakaa nyumba gani?

Wakili akamtazama Jemedari. Jemedari akanitazama mimi, Redio. Nyuma ya duka milango ilijipanga kichochoro hadi kichochoro, ya mbao, ya mabati, ya mapazia, na machoni petu yote ilikuwa sawa.

— Nyumba gani, wazee?

Ahmad akalitua birika na makaa yake yawaka. Akaingia kichochoro cha kwanza akigonga na kuita, “Dishon! Ewe Dishon!” Binti akashika cha pili, yeye aita “Baba!” Sisi tukasimama. Wakili alikuwa bado na kikombe cha Bara mkononi, kitupu, ageuka huku na huku, hajui akiweke wapi.