Mwalimu Elkana Musyoka na Kadi za Watoto wa Changamwe

Ndugu na majirani mliofika Changamwe leo, Jumanne, tarehe 12 Novemba 1963, familia inawasomea maisha ya kaka yetu Elkana Musyoka, mtu ambaye tangu utotoni hakujua kukaa akasubiri uji upoe.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1921, Mumbuni, Machakos, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, na mwaka 1946 akateremka Mombasa, akaajiriwa katika ofisi moja ya bandarini, penye mashine za kuchambua kadi za matundu, yaani kadi zinazotobolewa ili mashine izisome, akawa anazifungua mashine hizo na kuzifunga mpaka wakubwa wake wakachoka kumgombeza. Tarehe 6 Mei 1950 alimwoa Nduku, na tarehe 3 Juni 1958 wakajaliwa mapacha, Pascalia na Mbithe.

Mwaka 1959 alianza kufundisha chuo cha ufundi hapa Changamwe, akawa hana subira na ubao wa chaki, kila kundi la wanafunzi akalikabidhi kazi inayongojwa na watu, naye akizunguka nyuma yao, mikono mgongoni, hagusi hata waya mmoja wa mashine.

Kazi ya mwaka huu ilikuwa orodha ya watoto wa Changamwe wa kuchanjwa ndui, kila mtoto na kadi yake, itolewe na mashine ya kuazima bandarini. Alipolazwa tarehe 19 Oktoba, figo zikimsumbua, Nduku alimpelekea orodha kitandani, akamwonyesha kwamba Pascalia yumo, Mbithe hayumo, na kila penye mapacha ametajwa mmoja. Tulimsihi awaambie vijana kosa liko wapi, maana wachanjaji wangeanza tarehe 13 Novemba, yaani kesho, akakataa katakata, akasema walitafute wenyewe, nasi hatukuficha hasira zetu. Alifariki Jumamosi, tarehe 9, saa nne asubuhi, kosa halijapatikana.

Jana Kahindi, mkubwa wa kundi la vijana hao, alikuja msibani akamweleza Nduku kwamba wamelipata, walifunga waya kwa namna ambayo kadi mbili zikiwa na baba mmoja na tarehe moja ya kuzaliwa, mashine huitupa moja, lakini mashine yenyewe huazimwa Jumanne peke yake, yaani leo, saa hizi za maziko. Wazee wetu waliona ni dharau, mwalimu azikwe bila wanafunzi wake, ila Nduku amewaambia vijana waende bandarini. Kwa hiyo msiwatafute hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutuchotea maji siku tatu, na wenzake wa bandarini waliowafungulia vijana mlango. Pumzika, kaka, kwa amani ambayo sisi hatutaipata mpaka saa kumi, orodha itakapotoka, tuone kama Mbithe yumo.