Bwana Shamba Hana Jina

Kriin! Kengele ya baiskeli ililia mara moja gizani, baada ya Isha. Kwenye baraza ya Mjaka muuza kahawa, pale Konde, mtu akauliza kama kawaida, "Nani huyo?" Akajibiwa kama kawaida, "Bwana Shamba." Mwaka mzima kijana yule wa Unguja hakuwa na jibu jingine. Siku ya kwanza alipotaja jina lake, Mzee Mmanga aliinuka akaondoka, akaacha kahawa inafuka. Tangu hapo hakuna aliyelitamka tena. Leo aliegemeza baiskeli, akaketi pembeni, akasema lililomleta: ofisi inataka wakulima waseme afunzwe nini ili wamwelewe. Wakisema haeleweki kabisa, atarudishwa kwao.

— Afunzwe kusema! alidakia Humoud, aitwaye Redio. Ulitwambia "pandeni mikarafuu", watu wakapanda juu, karafuu bado changa!

— Nilikusudia miche.

— Miche hukuitaja!

— Miye nasema afunzwe kuimba, alisema Ame Methali. Mkulima hasikii ila ngoma. Na wahenga wamesema haraka haraka haina baraka, ndiyo maana baiskeli yake haina breki.

— Ngoma wapi! alidakia Redio. Afunzwe kukohoa. Mtu wa serikali akikohoa vizuri, hata muhogo huota.

— Basi na kulia afunzwe, alisema Ame. Mtoto akililia wembe mpe. Huyu akilia tutampa shamba!

Walicheka. Kijana naye akacheka, lakini kicheko chake kilichelewa, kikabaki peke yake barazani. Mzee Mmanga alikuwa akizungusha kikombe.

Hapo Nabhan, mgeni kutoka Ole aliyefikia kwa Mjaka, akauliza:

— Kwani weye kijana, jina lako nani?

Kijana akamtazama Mzee Mmanga.

— Bwana Shamba, alijibu Redio upesi.

— Hiyo kazi. Nimeuliza jina.

Redio akamgeukia Mzee Mmanga.

— Mwanangu alikuwa nalo, alisema Mzee Mmanga. Nilimzika nalo. Hawa wanalificha kwa ajili yangu.

Kumbe! Na kijana mwaka mzima alidhani kosa ni ulimi wake.

Mjaka alitikisa dele, birika lake. Ilibaki kahawa ya kikombe kimoja.

— Kesho njoo kwangu, unioneshe hiyo miche inavyopandwa, mzee alimwambia kijana. Kisha akafunika kikombe chake kwa kiganja, akamwonesha kijana kwa kidevu: Mjaka, mimi basi. Mtilie Hija.