Mlango Alioufunga Mwalimu Elinaza

Ndugu wapendwa, wazee wa kanisa, majirani, na ninyi nyote mliopanda hadi hapa Akeri leo Jumamosi, tarehe 15 Machi 1958, familia inawashukuru. Wasifu huu umeandikwa na Hanna, binti mkubwa wa marehemu. Ndani yake kuna jambo ambalo kwa kawaida halisomwi makaburini. Baadhi ya wazee walituomba tuliache. Mama yetu alisema lisomwe, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliliagiza. Tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho.

Marehemu Mwalimu Elinaza Yoeli Ndosi alizaliwa hapa hapa Akeri mwezi wa Aprili 1909, mtoto wa pili wa mzee Yoeli Ndosi na mama Lydia. Alikuwa mtoto mwepesi wa machozi. Jioni moja bibi yake aliwasimulia wajukuu habari ya mwana-kondoo aliyepotelea msituni akaliwa na chui. Elinaza alilia hata akakataa kula. Kesho yake bibi alilazimika kusimulia upya: kondoo akarudi zizini akiwa mzima, na chui akapewa mkungu wa ndizi. Kaka yake alimtania kwa huyo chui wa ndizi mpaka wote wawili walipoota mvi.

Alianza shule ya misheni mwaka 1919, Waingereza walipokuwa wamekwisha kuishika nchi, na kutoka 1926 hadi 1928 alisomea ualimu Marangu. Huko ndiko alikopenda vitabu kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Wenzake walisema alikuwa akisoma kwa sauti hata akiwa peke yake, akibadilisha sauti kwa kila mtu wa kwenye kisa.

Januari 1929 alipewa kufundisha katika shule ndogo ya misheni upande wa chini wa Makumira. Tarehe 9 Septemba 1933 alifunga ndoa na Eunike, binti ya mzee Mika wa Poli. Mungu aliwajalia watoto watatu: Hanna, Sadoki na Lydia. Katika miaka ile marehemu alianza kutunga visa vyake mwenyewe katika daftari za shule. Karibu vyote vilikuwa vya watu wenye shida: yatima, vipofu, wagonjwa waliofukuzwa makwao. Mama yetu alikuwa akimwambia, "Baba Hanna, mbona hakuna hata mmoja anayecheka?" Naye alikuwa akijibu kwamba anayecheka hahitaji kuandikiwa.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe.

Siku ya Alhamisi, tarehe 7 Oktoba 1943, mkaguzi wa shule alifika. Marehemu alikuwa ameingoja ziara hiyo kwa miezi mitano, kwa sababu mkaguzi ndiye angependekeza mwalimu mkuu wa shule mpya iliyokuwa ikijengwa. Aliamua kuwasomea watoto, mkaguzi akisikiliza, kisa alichokitunga mwenyewe. Mjane mmoja, mvua inanyesha, anabisha hodi nyumba hadi nyumba akiomba kaa la moto, na kila nyumba inamjibu kwa upole kwamba arudi kesho. Kisa kilikuwa kizuri. Watoto walifuta machozi kwa mikono ya mashati, na mkaguzi akavua miwani.

Hapo ndipo mama mmoja aliposimama mlangoni. Jina lake Nosim, Mwarusha wa Kwa Mrombo, ambaye mume wake alikuwa amechukuliwa vitani. Alikuwa amekuja kumtembelea dada yake Usa River, na huko binti yake wa miaka mitatu, Nasieku, alishikwa na homa kali. Tangu asubuhi alikuwa amembeba mgongoni akipandisha kwenda hospitali ya misheni kule mlimani. Aliiona baiskeli ya mwalimu imeegemezwa ukutani.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha shida, "mtoto anakufa. Baiskeli ile. Nisaidie."

Marehemu alimtazama mkaguzi, kisha akamtazama yule mama. "Yeyo," alimwambia, kama Waarusha wanavyomwita mama, "subiri kidogo hapo nje. Nimebakiza ukurasa mmoja."

Akafunga mlango, watoto wasije wakashtuka. Akasoma mpaka mwisho, wakampigia makofi.

Alipofungua, nje hapakuwa na mtu. Alidhani mama amepata msaada kwingine. Mkaguzi akakaribishwa chai. Marehemu alisisitiza kwamba chai hiyo itajwe leo, kwa maana bado alikuwa na nafasi ya kumfuata yule mama, na nafasi hiyo aliitumia kunywa chai. Mkaguzi alipoondoka ndipo alipopanda baiskeli. Alimkuta Nosim ameketi ukingoni mwa mfereji, hospitali ikionekana kwa juu kidogo tu. Mtoto alikuwa amefunikwa shuka hadi usoni. Nosim hakuwa akilia. Aliinua macho akamuuliza:

"Umemaliza kusoma?"

Barua ya kumfanya mwalimu mkuu ilikuja Desemba, marehemu akaikataa bila kueleza sababu. Mwaka 1946 gazeti moja la kanisa lilimwomba kile kisa cha mjane likichape, kwa kuwa mkaguzi alikuwa amekisifu huku na huku. Alijibu kwamba hakipo. Kilikuwapo, ndani ya sanduku, chini ya nguo zake za kanisani.

Tangu siku ile, kila masomo yalipokwisha, alizunguka na baiskeli yake. Alibeba wagonjwa, akawaandikia barua, akakaa kitandani pao. Alijifunza Kimaasai, lugha wanayosema Waarusha, akiwa mtu mzima, na wengi mlimcheka matamshi yake. Waliobebwa na baiskeli ile wapo hapa leo, wala hatuhitaji kuwataja. Lakini marehemu hakutaka tuseme nusu. Mwaka 1949 Sadoki alipopata kichomi, baba yake alikuwa kule Engutoto akimuuguza mtu asiyemjua hata jina la ukoo. Mama yetu alimbeba Sadoki mgongoni peke yake mpaka hospitali. Mume aliporudi, mama alimwambia, "Unamtafuta yule mtoto kwa watu wote, isipokuwa humu ndani." Marehemu akasema, "Ni kweli, mama Hanna." Alijitahidi baada ya hapo. Hakufanikiwa kila mara, na sisi watoto wake tunajua.

Mwalimu mmoja kijana aliwahi kumuuliza kama basi ni heri kuacha kuwasomea watoto visa vya huzuni, ikiwa havimfanyi mtu kuwa mwema. "Tusiache," marehemu alisema. "Mtoto anayemlilia mjane wa kwenye karatasi ameanza. Mimi nilianza nikadhani nimemaliza. Ila jinsi ya kumfundisha mtoto kuinuka kwenye kiti, kwa kweli sijui, na nimefundisha zaidi ya miaka ishirini."

Kila Oktoba alikuwa akienda Kwa Mrombo kumsalimu Nosim. Miaka ya kwanza Nosim hakuitikia salamu. Ndizi alizopelekewa aliwapa mbuzi, marehemu akiwa bado amesimama pale pale. Mwaka 1952, mwezi wa Juni, Nosim mwenyewe alikuja Makumira, akasimama mlangoni mwa darasa. Marehemu alikuwa akifundisha hesabu. Aliweka chaki chini katikati ya mstari, akatoka.

"Sijakusamehe," Nosim alimwambia kabla hata hawajaketi. "Nimekuja kwa sababu unajua kuandika. Mume wangu hakurudi kutoka vitani, na hakuna anayeniambia neno."

"Ndiyo, yeyo," marehemu alijibu, akaleta karatasi.

Aliandika barua sita kwa wakuu wa jeshi, kwa muda wa miezi minane. Jibu lilipokuja alilipeleka mwenyewe, akamsomea kwa Kimaasai, polepole: mume wake alikuwa amefariki Burma mwaka 1944. Nosim alimwambia alisome tena, akalisoma. Akamwambia mara ya tatu, akalisoma. Siku ile alimpa maziwa. Marehemu alituonya tusilihesabu hilo kuwa msamaha, kwa kuwa Nosim hakusema hivyo.

Kikohozi kilimwanza mwishoni mwa mwaka 1956. Ilipojulikana kuwa ni kifua kikuu, wengine walisema amekipata kwa wagonjwa aliokuwa akikaa nao. Alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho, Januari mwaka huu, alimwita Hanna karibu na kitanda, akamwambia asihangaike kupamba maneno.

"Watasema nilikuwa mtu wa huruma," alisema. "Wewe andika Nosim aliniomba nini, na mimi nilimjibu nini. Lakini kwanza mkamuulize. Habari ile ni yake kabla haijawa yangu."

Hanna na Sadoki walikwenda Kwa Mrombo mwezi wa Februari. Walimwamkia, "Shikamoo, yeyo," naye akaitika. Walipokwisha kumweleza shida yao aliendelea kuchambua maharage, hata wakadhani amekataa. Kisha akasema:

"Yeye atasomewa, watu wakiwa wamesimama. Mwanangu hakusomewa. Hapakuwa na watu. Someni, lakini mtajeni na yeye kwa jina, alizaliwa lini, alikuwa mtoto wa namna gani."

Hanna alimletea baba yake maneno hayo. Alifumba macho, akasema, "Hata hilo sikuliwaza." Hakulala vizuri tena baada ya hapo. Alifariki jana Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, saa nne asubuhi, mama yetu akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Eunike, watoto watatu, Hanna, Sadoki na Lydia, wajukuu wanne, kaka yake mkubwa, Mikaeli, na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka ishirini na tisa.

Na sasa, kama tulivyoombwa na mama yake, aliyeketi hapa karibu na mama yetu: Nasieku alizaliwa Kwa Mrombo wakati wa mvua za masika, mwaka 1940. Aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa mapema kabla ya siku zake. Aliwaogopa kuku, lakini ng'ombe hakuwaogopa. Alikuwa amejifunza kuhesabu mpaka saba. Alipenda kulala akiwa ameshika sikio la mama yake. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1943, karibu na saa sita mchana, ukingoni mwa mfereji, mama yake akiwa ameambiwa asubiri kidogo. Amemwacha mama, Nosim.

Mungu awape wote wawili pumziko.