Mzee Rudia wa Chang'ombe: Kumbukumbu ya Profesa Luo Wenqing

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, kwenye banda la mama lishe hapa Chang'ombe, chapati mbili zilikaa kwenye sahani mpaka zikakauka. Mwenye banda, Mama Tunu, hakumuuzia mtu. Kila aliyeziulizia alijibiwa, "Hizo zina mwenyewe." Ikafika saa tano asubuhi, mwenyewe hajatokea. Hapo Mama Tunu akaanza kuogopa.

Mwenyewe alikuwa Profesa Luo Wenqing, mwanazuoni wa sheria ya makosa ya jinai, raia wa China, mkazi wa Chang'ombe kwa miaka tisa. Alikuwa na umri wa miaka sabini. Mama Tunu alivua aproni, akaenda hadi nyumba ambayo Profesa alikuwa amepanga, kwa Mwalimu Kokuberwa, mwalimu mstaafu. Wakagonga mlango. Wakagonga tena. Walipoingia walimkuta kwenye kiti mbele ya meza, miwani puani, karatasi mbele yake. Daktari alisema ni moyo.

Mimi ni Flaviana. Ninaishi mtaa huo huo, nyumba ya tatu kutoka kwake. Leo nitawasimulia maisha yake. Mengine nitayarudia, kwa sababu yeye mwenyewe angetaka hivyo.

Mtaani tulimwita Mzee Rudia. Ukimwambia jambo lolote, alikurudishia maneno yako kama ulivyoyatoa, kisha akauliza, "Ndivyo ulivyosema?" Ukisema sivyo, alianza upya. Hata kwa Mama Tunu, kila asubuhi.

"Umesema chai haijachemka, nisubiri kidogo. Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo nilivyosema, mzee wangu. Kaa hapo kwenye benchi. Sie hatuko mahakamani, hii ni chai tu."

"Mama Tunu, mpigie na muhuri kabisa," alitania dereva mmoja wa bodaboda, na benchi zima likacheka. Profesa naye alicheka. Lakini hakuketi mpaka asikie neno "ndivyo".

Sisi tulidhani ni tabia ya uzee, au labda Kiswahili kinamsumbua. Sivyo. Sababu yake alinieleza mara moja tu, mchana wa Jumapili, tumekaa barazani kwa Mwalimu. Alikuwa akisema huku anatazama lango, kama mtu anayengoja kuitwa.

Alizaliwa mwaka 1955 katika kijiji cha wakulima wa mpunga, mkoa wa Hunan. Alipokuwa kijana, shule za sheria nchini kwao zilikuwa zimefungwa. Alilima mpunga kwa miaka kumi. Zilipofunguliwa, akaingia chuo akiwa na miaka ishirini na minne. Alipomaliza, mwaka 1983, alipelekwa kuwa karani katika ofisi ya mashtaka ya wilaya moja. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya washtakiwa. Alipewa kazi hiyo kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri, na sentensi zake zilikwenda vizuri.

Mwaka huo kesi zilikwenda haraka sana. Akaletewa seremala mmoja, anayetuhumiwa kuua. Seremala alihojiwa siku mbili. Luo akaandika.

"Yule seremala alisema 'sikumbuki' mara tisa," Profesa aliniambia. "Mimi nilihesabu baadaye, kichwani. Mara tisa. Kwenye karatasi sikuandika hata moja. Zilikuwa zinaharibu mtiririko. Mkuu wangu alinisifu. Akasema, haya ndiyo maelezo safi."

Maelezo hayakusomwa tena kwa aliyeyatoa. Seremala aliweka dole gumba. Mwezi haukuisha, akapigwa risasi kwa hukumu ya mahakama. Wasikilizaji, miaka kumi na moja baadaye mfungwa mwingine, mgonjwa, alikiri kuwa yeye ndiye aliyeua.

Wakati huo Luo alikuwa mhadhiri. Alisafiri kwenda kwa mjane wa seremala kuomba msamaha. Akagonga mlango. Alisikia hatua za mtu ndani. Hatua zikaja hadi mlangoni, zikasimama hapo. Mlango haukufunguliwa. Alirudi mara mbili nyingine katika miaka iliyofuata, na mambo yakawa hayo hayo.

Tangu hapo aliandika vitabu vinne, vyote kuhusu jambo moja: jinsi maelezo ya kukiri kosa yanavyoandikwa. Bintiye, Min, aliyekuja kutoka China kumuaga baba yake, alituambia kwa Kiingereza, "Wanafunzi walimchoka. Walisema Mwalimu Luo anafundisha ukurasa mmoja tu wa sheria. Nyumbani tulijua kwamba baba anaogopa kalamu. Hata barua ya shule yangu aliisoma kwa sauti mara tatu kabla ya kusaini."

Mwaka 2010, baada ya mkewe kufariki, alikuja Dar es Salaam kufundisha sheria ya jinai kwa miaka miwili katika chuo kimoja. Miaka miwili ikawa sita. Alipostaafu hakurudi kwao. Alihamia Chang'ombe, na aliyemleta huku ni mchonga vinyago, Jamali, Mmakonde wa Newala, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya karakana za kule kwetu. Profesa alikuwa amenunua kinyago kwake, akaomba afundishwe kuchonga. Hakuwahi kujua kuchonga. Alijikata vidole mpaka Jamali akamfichia patasi.

"Profesa, mpingo hauna haraka," Jamali alikuwa akimwambia. "Wewe unauchonga kama unaudai."

Kila asubuhi Profesa alimpelekea Jamali chai kwenye chupa, aliyoichemsha mwenyewe nyumbani. Kila asubuhi. Naomba mlikumbuke hilo.

Sasa naingia mahali ambapo hata mimi nasoma polepole kwenye karatasi hii. Jamali yuko mahabusu. Ameshtakiwa kwa mauaji ya mlinzi wa ghala, aliyekutwa ameuawa asubuhi moja ya mwezi Machi, mwaka jana, alipokuwa akitoka zamu. Kesi iko mahakamani. Mimi si hakimu, na simtuhumu mtu. Nitasema yale tu yaliyokwisha kusomwa hadharani, na yale ambayo wenyewe wameniruhusu.

Yapo maelezo ambayo upande wa mashtaka unasema ni ya Jamali. Ndani yake imeandikwa kwamba asubuhi ya tarehe ishirini na sita Machi alikwenda kwenye banda la Mama Tunu, akanywa chai na chapati, akakaa hapo kwenye benchi akimsubiri mlinzi atoke. Jamali alimwambia wakili wake, Wakili Erasmus, maneno mawili tu: "Sikusema hayo." Kusoma kunamshinda. Aliambiwa weka dole, akaweka.

Mwaka mzima nakala ya maelezo hayo ilikaa kwenye jalada la wakili. Wakili Erasmus ni Mkristo kutoka Mbeya. Mwalimu Kokuberwa, aliyekuwa akimsindikiza mke wa Jamali mahakamani, ni Mkatoliki wa Bukoba. Wote wawili waliisoma tarehe hiyo mara nyingi, na hawakuona kitu.

Mwezi Julai mwaka huu wakili alimpa Profesa nakala asome. Profesa akafanya kama alivyozoea. Akaisoma kwa sauti, barazani, sentensi baada ya sentensi. Alipofika kwenye chai, akaiweka karatasi chini. Akaingia ndani, akatoka na daftari lake. Alikuwa na daftari la kujifunzia Kiswahili, kila siku mistari miwili. Siku ya tarehe ishirini na sita Machi mwaka jana alikuwa ameandika hivi: "Leo nimempelekea Jamali chai. Amecheka, amekataa. Amefunga. Nimesahau tena. Aibu."

Wasikilizaji, ilikuwa Ramadhani. Katikati kabisa ya mwezi. Na kila mtu wa mtaa wetu anajua kuwa mwezi huo Mama Tunu hachemshi chai asubuhi. Benchi hufungwa kwa mnyororo, banda linafunguliwa saa kumi jioni kwa ajili ya futari. Hakukuwa na chai. Hakukuwa na benchi la kukalia. Yote yaliandikwa kwa sababu siku nyingi kwenye banda lile huwa hivyo.

Mwalimu Kokuberwa alishika kichwa. "Mwaka mzima, Profesa. Mwaka mzima mtu yuko ndani, na sisi tunaisoma."

Profesa hakufurahi kama nilivyotarajia. Alikuwa amepauka. Alisema, "Aliyeandika, labda hakuwa na nia mbaya. Mimi sikuwa na nia mbaya."

Kwa hiyo mashahidi walikuwa wawili: Profesa na daftari lake, na Mama Tunu na banda lake. Mashahidi wawili. Profesa alikubali kutoa ushahidi siku hiyo hiyo. Mama Tunu alikataa.

Nilikuwepo. Ilikuwa Jumatatu, siku moja kabla ya kifo cha Profesa. Mama Tunu alikuwa anasugua sufuria, na hakuinua macho.

"Mie naogopa, mzee wangu. Ndugu za marehemu wanapita hapa kila siku. Wengine wanakula hapa. Na hao wa kituoni nao wanapita. Banda langu liko barabarani, halina hata mlango wa maana."

"Hata mimi naogopa," Profesa alisema.

"Wewe utapanda ndege. Mie nitapanda nini?"

Profesa alikizungusha kikombe chake mezani, kisha akauliza, "Lakini banda, siku ile asubuhi, lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa limefungwa. Hilo najua. Lakini naogopa."

Profesa hakumbembeleza. Alilipa, akaondoka. Na kwa mara ya kwanza, hakurudia maneno ya mtu. Mama Tunu aliliona hilo. Aliniambia, "Nimemuudhi. Leo hata hajaniuliza kama ndivyo."

Kesho yake chapati zikabaki kwenye sahani.

Tuliogopa sana siku zile. Mwenye daftari amekufa, na ushahidi wa maiti ni karatasi tu. Shahidi aliye hai alikuwa mmoja, na amekataa. Siku mbili baada ya kifo walikuja wanaume wawili na gari, wakamwuliza Mwalimu habari za vitabu na karatasi za marehemu. Mwalimu aliwaambia havipo. Daftari alikuwa amelizika kwenye pipa la unga wa sembe. Aliwazuia mlangoni mpaka walipotoa kitambulisho. Walikuwa watu wa maktaba ya chuo. Walitaka vitabu viwili alivyoazima.

Daftari sasa liko kwa Wakili Erasmus. Lina unga mpaka leo.

Siku Min alipokusanya vitu vya baba yake, alitukabidhi ile karatasi iliyokuwa mezani. Ilikuwa ya Kiswahili, hakuweza kuisoma. Mwalimu Kokuberwa akamwita Mama Tunu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Mama Tunu amesema: Mie naogopa, mzee wangu. Amesema: ndugu za marehemu wanapita hapa kila siku, wengine wanakula hapa. Amesema: wa kituoni nao wanapita. Amesema: banda langu halina mlango wa maana. Amesema: wewe utapanda ndege, mie nitapanda nini. Sikuweza kumjibu. Amesema: banda lilikuwa limefungwa, hilo najua. Amesema tena: lakini naogopa."

Chini kabisa ameandika: "Sijamsomea bado. Nimsomee asubuhi."

Mwalimu alivua miwani. Akamtazama Mama Tunu, akauliza kwa niaba ya marehemu, "Ndivyo ulivyosema?"

Mama Tunu aliikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. Nikadhani atanyanyuka aende zake. Kisha akasema, "Ndivyo nilivyosema."

Bado anaogopa. Jana nilimwuliza kama nilitaje jina lake redioni au nilifiche. Akaniambia, "Litaje. Wakijua wote kwamba nakwenda mahakamani, nikiogopa njiani nitaona aibu kurudi."

Min amerudi kwao na majivu ya baba yake. Kinyago kimoja kibovu, alichokichonga Profesa mwenyewe, amekiacha kwa mke wa Jamali. Kwa Min na familia yote ya Luo, tunasema poleni. Kwa Mwalimu Kokuberwa, aliyeishi naye kama ndugu, pole mama. Kwa familia ya mlinzi aliyeuawa, ambao nao wanangoja kujua ukweli, poleni sana. Kilio chenu hatujakisahau.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hujalala leo, mkumbuke mtu mmoja ambaye umewahi kusimulia habari zake kwa wengine. Jiulize ni maneno yake yapi uliyaacha ili hadithi yako iende vizuri. Kama bado yu hai, nenda ukamwulize.

Kesi ya Jamali itasikilizwa Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi. Mama Tunu ameshawaambia wateja wake kwamba siku hiyo hakutakuwa na chai.